Ukipenda Miamba, Tafuta Nyumba Sheffield

Wengi wetu hapa Uingereza huchagua mji kwa kuangalia kazi, kodi ya nyumba na ndugu aliyetangulia. Ni sawa. Lakini kwa aliyeanza kupanda miamba kule Lukenya au Hell's Gate nchini Kenya na hataki kuacha, lipo swali jingine: ukitoka kazini Jumatano, utaufikia mwamba kabla jua halijazama?

Kwa kipimo hicho, mimi nasema Sheffield. Karibu theluthi ya eneo la mji huo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, iliyoanzishwa mwaka 1951. Treni ya abiria inayosimama vituo vidogo hufika Hathersage kwa dakika 20 hivi. Hapo unashuka na kupandisha kilima kwa miguu, kama saa nzima, hadi Stanage: ukingo wa mwamba wa kilomita 6 hivi wenye njia zaidi ya 1,000. Mwezi Juni jua huzama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo anayetoka zamu saa kumi bado anawahi njia mbili tatu. Desemba, saa hiyo ya kumi jua limeshazama.

Mwamba wenyewe ni jiwe la mchanga lenye chembe kubwa. Ukichomeka mkono kwenye ufa, ngozi ya mgongo wa kiganja huchunika, ndiyo maana wenyeji huizungushia plasta kabla ya kuanza. Siku za baridi ndizo nzuri zaidi, kwani vidole havitoki jasho na jiwe linashika. Hakuna bolti zilizofungwa mwambani. Kila mtu hukaza vyuma vyake nyufani, kwa hiyo mgeni asitangulie na kamba kabla ya kufundishwa. Majira ya kuchipua, vibao hufunga baadhi ya sehemu ili ndege walee makinda. Viheshimuni.

Wapo watakaosema Llanberis kule Wales, au Fort William huko Uskoti. Miamba yao ni mirefu na ya kupendeza zaidi, sibishi. Ila mvua ni nyingi na kazi ni chache. Isitoshe, muuguzi mwenye mapumziko Jumanne atampata wapi wa kumshikia kamba? Sheffield ina hospitali kubwa, vyuo vikuu viwili na kuta za ndani kama The Foundry, uliofunguliwa 1991, na The Climbing Works wa 2006, ambako hupandwa bila kamba, hivyo hata aliye peke yake hakosi mazoezi.

Mitaa ya magharibi kama Ecclesall iko karibu zaidi na miamba, lakini kodi yake inauma. Asiye na gari akae jirani na stesheni. Na kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, panda treni hiyo siku ya kazi, baada ya saa za zamu, uangalie ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi.