Meli ya kitalii: ulipie kitanda cha pili au ulale na usiyemjua?

Nauli ya meli ya kitalii hutangazwa kwa kichwa, lakini kwa hesabu ya watu wawili katika chumba kimoja. Anayetaka kulala peke yake mara nyingi hutozwa nauli mbili, na ndiyo maana wengi hufikiria kushirikiana chumba na mtu wasiyemjua. Kabla ya kufika huko, hesabu ipigwe vizuri. Kodi za bandari na bahashishi ya wahudumu hulipwa kwa kila abiria, si kwa chumba. Tuseme nauli ya usiku 7 ni dola 1,000, na kodi na bahashishi ni dola 250. Mwenye mwenzake atalipa 1,250, aliye peke yake 2,250. Nyongeza ya kulala peke yako ikishuka hadi nusu ya nauli, kama inavyotokea meli isipojaa, tofauti ni dola 500, yaani kama 71 kwa usiku. Hiyo ndiyo bei halisi ya faragha, na ndiyo ya kupimwa.

Upande wa pili wa mizani una gharama zisizoandikwa kwenye tiketi. Chumba cha kawaida kina bafu moja, sefu moja na vitanda viwili vinavyotenganishwa na meza ndogo. Mkoromo wa mwenzako hauna pa kwenda. Baadhi ya kampuni, Royal Caribbean ikiwamo, zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi cha vileo mmoja wao akikichukua. Tena, mwenzako akijitoa, huenda ukadaiwa ile nyongeza uliyoikimbia.

Wapo watakaosema kuwa peke yako utapwekeka. Lakini watu hufahamiana mezani na sitahani, si usingizini. Meli ya Norwegian Epic ilipoanza safari mwaka 2010 ilikuwa na vyumba 128 vya mtu mmoja, vyenye takriban mita 9 za mraba, pamoja na sebule ya wakazi wake. Hoja nzito zaidi ni kwamba vyumba hivyo ni vichache, huisha mapema, na wakati mwingine bei yake huzidi nusu ya chumba cha wawili. Ni kweli, basi ulizia mapema, ukilinganisha jumla yote, si nauli pekee. Ukikosa, fupisha safari au shirikiana na mtu unayemfahamu. Mgeni kabisa awe chaguo la mwisho, na masharti ya kujitoa yawe yameandikwa.