Diski mkononi au mchezo wa kupakua: mwenye mali ni nani?

Tarehe 31 mwezi wa tatu 2024, kampuni ya Kifaransa Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa mbio za magari ulioanza kuuzwa mwezi wa kumi na mbili 2014. Siku chache baadaye, watu walioununua kwa kuupakua kwenye kompyuta walifungua akaunti zao na kukuta haki ya kuucheza imeondolewa. Hawakuwa wameiba kitu. Walikuwa wamelipa, wengine miaka tisa kabla, na sasa hata kuufungua ili kuangalia tu magari yao haikuwezekana.

Wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani walikasirika. Mwezi wa nne mwaka huo huo Ross Scott, Mmarekani anayejulikana kwa video zake za YouTube, alianzisha kampeni inayoitwa Stop Killing Games. Ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja mwezi wa saba 2025. Hawaombi seva ziwake milele. Wanaomba kwamba kampuni inapoacha kuhudumia mchezo, iuache katika hali ambayo aliyeulipia anaweza kuendelea kuucheza.

Hapa kwetu habari hiyo ilipita bila kelele nyingi. Lakini kijana wa Lubumbashi au wa Bukavu anayeweka dola pembeni ili apate mchezo mpya anakutana na swali lile lile kabla ya kulipa: anunue diski, au apakue? Wengi bado wanachagua diski. Wapo wanaowacheka na kuwaona watu wa zamani. Ukifuata hesabu zao, unaona wana sababu nzuri.

Giga mia moja kwa umeme wa hapa

Tuanze na uzito wa mchezo wenyewe. Michezo mikubwa ya siku hizi inafika gigabaiti 100 na kupita. Red Dead Redemption 2, iliyotoka mwaka 2018, ilihitaji diski mbili za Blu-ray kwenye PlayStation 4. Sasa chukua intaneti inayoshuka kwa megabiti 5 kwa sekunde, ambayo kwa mitaa yetu mingi si mbaya. Giga 100 zitachukua zaidi ya saa 44, mfululizo, bila laini kukatika na bila umeme kuondoka. Katika nchi ambamo takriban mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme, nani ana saa 44 za namna hiyo? Na anayetumia mega za simu, za kununua kwa siku au kwa wiki, anaweza kulipia kupakua karibu sawa na alivyolipia mchezo.

Mwenye diski anaiingiza, mashine inanakili yaliyomo, na kwa michezo mingi anaanza kucheza bila kugusa mega hata moja. Marekebisho ya baadaye yapo, ndiyo, lakini mengi anaweza kuyangojea hadi atakapopata Wi-Fi ya mtu.

Halafu kuna kulipa. Kwetu fedha inatembea kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Maduka ya michezo ya ng'ambo yanataka kadi ya benki, na yanauliza kwanza unaishi wapi. Katika orodha ya nchi ambazo Sony imezifungulia PlayStation Network, kwa Afrika ipo Afrika Kusini peke yake. Kongo, ambayo koltani yake inaingia katika vifaa vya elektroniki vya dunia nzima, haimo. Basi kijana anafungua akaunti kama vile anaishi Ufaransa au Ubelgiji, kisha anatafuta mtu wa kumuuzia namba za kadi za malipo za nchi hiyo, na muuzaji naye anajiongezea faida yake.

Jambo hilo limezoeleka hadi hakuna anayelishangaa. Lakini masharti ya akaunti yanadai mtu aseme kweli kuhusu nchi anayoishi. Maana yake michezo yote aliyoikusanya kwa miaka imesimama juu ya anwani ambayo si yake, na siku kampuni ikiamua kukagua, hana mahali pa kulalamika.

Mwaka 2024 tuliona mfano. Sony ilitaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wajiunge na PlayStation Network, na mchezo huo ukaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo 177 ambako mtandao huo haujafunguliwa. Wachezaji walipiga kelele, sharti la akaunti likafutwa ndani ya siku chache, lakini kuuza kwenyewe kulibaki kumefungwa kwa muda mrefu.

Diski haiulizi unaishi wapi. Mchezo wa PlayStation 4 au PlayStation 5 ulionunuliwa na mfanyabiashara Dubai, au ulioletwa na yaya katika sanduku akitoka Brussels, unaingia na kucheza katika mashine iliyoko Kolwezi. Tahadhari ni moja: nyongeza zinazouzwa baadaye kwa mtandao, kama ramani mpya au silaha mpya, zinapaswa kulingana na eneo diski ilikotoka.

Mali ya kuazimana

Katika vyumba ambamo vijana wanalipa kucheza kwa zamu, diski moja inahudumia mtaa mzima. Mwenye chumba anaandika dakika kwenye daftari, wawili wanacheza, wanne wanangoja nyuma yao na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Mchezo wa mpira unaotoka kila mwaka, uliokuwa unaitwa FIFA na tangu 2023 ni EA Sports FC, unauzwa, unabadilishwa, unaazimwa. Diski ya mwaka jana inasaidia kulipia ya mwaka huu. Mchezo uliopakuliwa hauna njia hiyo. Umefungwa kwenye akaunti, na ukichoka nao utaendelea kuutazama kwenye orodha yako bila kuweza kumpa hata mdogo wako anayetumia mashine na akaunti yake mwenyewe.

Makampuni yanaijua thamani ya jambo hilo. Mwaka 2013, Microsoft ilipoonyesha Xbox One, ilitangaza kwamba mashine ingehitaji kuunganishwa na intaneti mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza diski zilizotumika kungewekewa mipaka. Sony ilijibu kwa video fupi kuhusu namna ya kuazimana michezo: mtu mmoja anampa mwenzake kasha, basi. Tarehe 19 mwezi wa sita Microsoft iliondoa masharti yake yote mawili. Hapo wachezaji walishinda, lakini kwa upande wa diski tu.

Kwa upande wa kupakua, waliojaribu kudai haki hiyo wameshindwa mahakamani. Chama cha kutetea wanunuzi cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kiliishtaki kampuni ya Valve, yenye duka la Steam, kikitaka mchezo uliopakuliwa uweze kuuzwa tena kama kitabu kilichosomwa. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilikipa haki. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa iliufuta uamuzi huo, na mwezi wa kumi 2024 korti ya juu, Cour de cassation, ikakubaliana na rufaa. Hoja iliyobaki kusimama ni kwamba mchezo wa kidijitali hauchakai: nakala iliyotumika ni sawa na mpya, na kuiuza tena kungemuumiza aliyeutengeneza. Kisheria hoja ina uzito. Kwa aliyelipa bei sawa na ya diski, ni vigumu kuimeza.

California angalau ililazimisha ukweli usemwe. Sheria iliyoanza kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno «nunua» bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Steam ilianza kuonyesha tangazo la namna hiyo hata kabla ya tarehe hiyo.

Lakini sababu ambayo kwangu inazidi zote kwa mchezaji wa Kongo sikuiona katika mijadala ya Ulaya. Sisi tunapata mashine kwa kuchelewa. PlayStation 3 na Xbox 360 ambazo familia za Ulaya zimekwisha kuzisahau ndizo zinazofika hapa katika makontena, zinasafishwa, zinatengenezwa na kuuzwa kwa bei ambayo mzazi anaiweza. Na maduka ya mtandaoni yanafungwa kwa saa ya Ulaya na Marekani, si kwa saa yetu. Nintendo ilifunga duka la Wii mwezi wa kwanza 2019, na ya 3DS na Wii U tarehe 27 mwezi wa tatu 2023. Microsoft ilifunga la Xbox 360 tarehe 29 mwezi wa saba 2024. Sony nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba itafunga la PlayStation 3, kisha ikarudi nyuma baada ya wateja kulalamika.

Aliyenunua zamani kwenye duka la Xbox 360 bado anaruhusiwa kupakua tena alivyolipia. Lakini anayeipata mashine hiyo leo sokoni, ikiwa mara yake ya kwanza kuigusa, hawezi tena kununua mchezo wowote kwenye duka lake. Kwake diski ndiyo mlango uliobaki. Bila diski za zamani zinazozunguka mikononi mwa watu, mashine hizo zote zingekuwa masanduku ya plastiki. Uchunguzi wa Video Game History Foundation uliotoka mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena rasmi.

Diski ambayo haina kitu

Si kwamba kupakua hakuna faida. Kwenye kompyuta, diski zimekwisha kufa zamani, na Steam ina siku za punguzo ambapo mchezo mzuri unauzwa kwa bei ya soda chache. Michezo midogo ya watengenezaji wasio na fedha ya kiwanda isingetufikia kabisa bila njia hiyo. Diski inakwaruzwa na vumbi, inaibiwa, mtoto anaitumia kama sahani ya kuchezea. Jicho linalosoma diski ndani ya mashine nalo linachoka, kama fundi yeyote atakavyokueleza.

Tena diski yenyewe siku hizi inaweza kukudanganya. The Crew iliuzwa pia kwenye diski, na diski hizo zilikufa siku moja na nakala za kupakua, kwa sababu mchezo ulitegemea seva hata kwa mtu anayecheza peke yake. Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 ilikuwa na megabaiti kama 70 tu za mchezo, sehemu iliyobaki, makumi ya giga, ilibidi ipakuliwe. Nintendo Switch 2, iliyotoka mwezi wa sita 2025, imeleta kadi ambazo hazina mchezo ndani yake, zina ufunguo wa kuuruhusu upakuliwe. Unaweza kumuuzia mwingine kadi hiyo, jambo ambalo ni jema, lakini siku seva itakapozimwa itabaki kipande cha plastiki.

Mashine nazo zinabadilika. Xbox Series S haina mahali pa kuingiza diski. PlayStation 5 Pro inauzwa bila kisoma diski; kinanunuliwa pembeni, na siku ya kwanza lazima kiunganishwe na intaneti ili mashine ikikubali. Anayenunua PlayStation 5 kwa rafiki au kwa mtandao aangalie vizuri picha: ile inayouzwa kwa bei nafuu mara nyingi ni Digital Edition, na diski zake zote za zamani hazitakuwa na pa kuingia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa dola, geuza kasha usome nyuma yake. Kama imeandikwa kwamba intaneti inahitajika ili kucheza hata peke yako, diski hiyo haina tofauti kubwa na kupakua. Kwenye kasha za Switch 2, tangazo la kadi ya ufunguo liko mbele, sehemu ya chini, pamoja na ukubwa wa nafasi inayohitajika. Na kama muuzaji anakubali, mwambie aiwashe mashine palepale, azime Wi-Fi, aingize diski. Dakika chache zinatosha kuona kama mchezo umo ndani.