Usiku Mtalala Wapi?

Siku tano kwa boti kuzunguka kisiwa cha Mafia, na kasheshe ya kuchagua pa kutia nanga

Mpenzi msomaji, mwezi huu simwandiki mtu mwingine. Najiandika mwenyewe, na ndiyo maana makala hii imelala kwenye droo yangu miezi kadhaa.

Mimi na Baba Zai tunaishi Kibaha, si mbali na Picha ya Ndege. Mwaka jana ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka 10, na tukisema ukweli, tulishakuwa kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Alfajiri kila mtu na gari lake la Dar, usiku kila mtu na sahani yake mbele ya taarifa ya habari. Hatukugombana. Tulikuwa hatuna hata muda wa kugombana.

Basi siku moja, ilikuwa Juni, mwenzangu akarudi na gazeti la kigeni lenye picha za watu wanaozunguka visiwa vya Mediterania kwa boti za injini. Corsica, Sardinia, Majorca. Kila jioni wanatia nanga kwenye kighuba kipya, maji kama kioo, meza imeandaliwa nyuma ya boti. "Mama Zai," akaniambia, "sisi tumekosa nini? Kisiwa tunacho, mkoa wetu huu huu."

Na kweli. Wengi wetu wa Kibaha tunasahau kwamba Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani kama ilivyo Kisarawe, na kwamba makao makuu ya mkoa wao ni hapa hapa kwetu. Tunapishana na watumishi waliotoka Mafia sokoni, wala hatuwaulizi kitu.

Akalipa malipo ya awali siku ile ile: boti yenye mashine mbili na turubai la kivuli, nahodha na baharia wake, siku tano mwezi Novemba. Mimi nikapewa kazi moja tu, kuchagua vituo. "Wewe si ndiye mhariri wa vitu vizuri?"

Nikachagua kama ninavyochagua picha ya jalada. Ufukwe unaotazama machweo, tiki. Magofu ya kale, tiki. Fungu la mchanga katikati ya bahari, sisi wawili tu, tiki mbili. Upande wa mashariki kwenye mawimbi makubwa, tiki. Tarehe nazo nikazipanga ziangukie mwezi mpevu, maana fungate gani isiyo na mwezi?

Jumapili moja tukaenda Kisarawe kumsalimia mama mkwe. Nyumba yake iko kati ya minazi na mikorosho, na siku hiyo alikuwa barazani anachambua kisamvu. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, nikamsomea daftari langu kituo kwa kituo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mchana nimewaona mtakuwa wapi," akasema. "Usiku mtalala wapi?"

"Humo humo kwenye boti, mama."

"Na boti yenyewe italala wapi?"

Nikacheka. Mama mkwe ni Mzaramo wa bara, bahari anaijua kwa samaki anayeletewa na baiskeli. Lakini hakucheka. Nchi hii ina MV Bukoba ya 1996, ina Spice Islander ya 2011, ina Skagit ya 2012, na mama wa umri wake hana haja ya kuyataja majina hayo ili yamkae kifuani. Akarudia: "Muulizeni mtu anayejua."

KALAMU NYEKUNDU

Mtu anayejua alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Jibondo, kisiwa kidogo kusini ya Mafia. Amefundisha Mafia miaka mingi kabla ya kujenga Kibaha. Akavaa miwani, akasoma orodha yangu kana kwamba anasahihisha insha, na kalamu yake, msomaji wangu, ilikuwa nyekundu kweli.

Upande wa mashariki akaukata wote. "Hapa mnapita, hamlali." Nje kule ni Bahari ya Hindi yenyewe, wimbi linakuja bila kizuizi mpaka linapiga mwamba, na ikitokea mashine imegoma usiku huna pa kukimbilia. Fungu langu la mchanga nalo akalikata. Ni zuri, akakubali, lakini ni la chai ya mchana. Maji yakijaa fungu linafunikwa na wewe unabaki juu ya mwamba gizani.

Kisha akanieleza mambo ambayo gazeti la Baba Zai halikuyagusa. La kwanza ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na kaskazi hutawala kuanzia Desemba mpaka Machi. Kituo kilichotulia wakati wa kaskazi kinaweza kuwa balaa wakati wa kusi, kwa hiyo hakuna mahali pazuri pa kutia nanga kwa mwaka mzima, pana mahali pazuri pa usiku huo. Novemba yetu aliipenda. Ni tangambili, upepo haujaamua uende wapi, bahari mara nyingi ni laini.

La pili, maji kupwa na kujaa. Hapa Mwalimu alicheka sana. Kule Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo tu, sehemu nyingi hayafiki hata nusu mita, ndiyo maana mtu anaweza kutia nanga karibu na ufukwe na kesho akaamka pale pale. Kwetu, siku za bamvua, maji yanashuka zaidi ya mita 3. Boti iliyokuwa inaelea saa kumi na moja jioni, saa tano usiku inaweza kuwa imekaa mchangani kama kuku anayeatamia.

Halafu akaniuliza: "Tarehe hizo mwezi utakuwaje?"

"Mpevu!" nikamjibu kwa fahari.

Akanitazama juu ya miwani. "Bamvua hilo, mwanangu."

Mimi ni mtu wa Singida. Nilidhani ananitania. Sikujua kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo siku maji yanapojaa sana na kutoka sana, na kwamba mtu anayetaka maji tulivu, yale wanayoyaita maji mafu, hutafuta mwezi nusu. Nilitaka romansi, kumbe nimechagua usiku wenye maji korofi kuliko yote.

Akanifariji kwamba hata wakubwa walilazimika kuhama. Wajerumani walikuwa na makao yao Chole, kisiwa kidogo chenye mji wa kale wa kupendeza ndani ya ghuba. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, kwa kuwa meli zilihitaji maji ya kina zaidi. Uzuri ukabaki Chole, ofisi ikafuata nanga.

Kama nawe unafikiria safari ya namna hii, chukua haya ya Mwalimu maana yamenisaidia. Kamba ya nanga iwe ndefu, kama mara tano ya kina cha maji, na kina hicho kihesabiwe maji yakiwa yamejaa. Angalia chini kuna nini: mchanga unashika vizuri, mwamba unaweza kuing'ang'ania nanga mpaka ukaiacha. Kwenye matumbawe usithubutu. Eneo lote la kusini mashariki liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa 1995, kilomita za mraba 822; unalipa kiingilio, unauliza panaporuhusiwa kulala, na pakiwa na boya unafunga kwenye boya. Jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa. Na ukimpata nahodha wa pale, msikilize.

Hilo la mwisho ndilo nililokuja kulivunja.

KUA

Tuliwaacha watoto Kisarawe kwa bibi yao, tukashuka hadi Nyamisati, tukavuka kwa boti ya abiria mpaka Kilindoni. Usiku wa kwanza tulilala karibu na Ras Kisimani, upande wa magharibi, ambako palikuwa na mji wa kale uliomezwa na bahari. Kabla ya hapo, mchana, tulimwona papa potwe akipita chini ya boti, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakula vidude vidogo. Wanaonekana upande huo kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Baba Zai alishangilia kama mtoto. Nilimtazama nikagundua nimesahau anavyocheka.

Usiku wa pili Bweni, kaskazini, karibu na Ras Mkumbi kwenye mnara wa taa wa Wajerumani. Asubuhi yake tukaondoka mapema, tukateremka upande wa mashariki bila kusimama, na alasiri maji yanapoingia tukaingia nayo kwenye mlango wa Kinasi hadi Ghuba ya Chole. Hapo ndipo nilipoelewa ghuba ni kitu gani. Nje boti ilikuwa inarushwa, ndani ukimya. Juani, Chole na Jibondo zimeizuia bahari kwa mabega. Jioni popo wakubwa wa Chole wakaamka kwenye miti yao na kupita juu yetu mamia kwa mamia.

Usiku wa nne ulikuwa wangu. Magofu ya Kua, kisiwani Juani, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19 ukaachwa. Kuta za mawe, mikoko, na jua linazama mbele yako. Tulifika maji yamejaa. Mwalimu alikuwa ameandika kwa nyekundu: "Tembeeni, mtoke." Nahodha naye akasema: "Dada, maji yakitoka hapa tutabaki."

"Kidogo tu, nahodha. Mpaka mwezi utoke."

Baba Zai akanyanyua mabega. Nahodha akanyamaza, mgeni ndiye anayelipa.

Mwezi ulitoka, mkubwa, wa dhahabu, sawasawa na jalada la gazeti. Saa mbili usiku boti ikagusa chini. Saa tatu ikaanza kuinama upande. Saa tano hapakuwa na bahari tena, palikuwa na tope, mizizi ya mikoko na mbu. Birika lilibingirika, mchele wetu ukamwagika. Nahodha na kijana wake wakateremka kuweka magogo upande ulioinama, wakarudi wakajilaza mbele, hawakutulaumu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nikamgeukia mwenzangu. "Si ungenikataza?"

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Sina kazi, Mama Zai. Tangu Agosti."

Ofisi yao ilipunguza watu, naye akiwemo. Safari alishalipia nusu tangu Juni, akaogopa kuifuta kwa sababu ingebidi aseme kwa nini. Miezi mitatu na ushee alikuwa anavaa shati la kazini, anapanda gari la Dar pale Maili Moja, anakwenda kuzunguka na bahasha ya vyeti. Kiinua mgongo kilikuwa kinalipa ada ya Zai, na nusu ya pili ya boti hii iliyolala ubavu.

Msomaji wangu, mimi naandika kurasa za mahusiano. Barua zenu za "mume wangu ananificha jambo" nazijibu mimi. Kama ingekuwa nyumbani Kibaha ningeingia chumba cha watoto, nikafunga mlango, na asubuhi ningepanda gari la kwanza. Pale Kua hapakuwa na mlango. Ukishuka, tope mpaka magotini. Tulikuwa tumekaa kwenye mteremko, na boti ilivyoinama kila nikisogea mbali naye nateleza narudi.

Nililia, nikasema maneno ambayo siyaandiki. Naye akasema yake, kwamba tangu nipandishwe cheo simuulizi siku yake ilikuwaje. Kwamba aliwahi kunisubiri niulize, siku 11, alizihesabu. Sikuwa na jibu. Kweli sikuuliza. Saa nane usiku tukasikia maji yanarudi, sauti ndogo kama mtu anamimina uji. Boti ikanyooka polepole. Nahodha akainuka, akaisukuma kwa pondo mpaka kwenye kina, akatia nanga tena, akavuta kamba mara mbili kuhakikisha imeshika.

"Sasa laleni," akasema.

Tulilala.

Usiku wa tano nilimwachia nahodha achague. Alituweka mbele ya Utende, mahali pasipo na cha kupiga picha: boti za wavuvi, taa mbili tatu, mtu anakohoa. Tuliongea hadi usiku wa manane. Tulihesabu ada, mshahara wangu, deni la bati, nini kitakatwa na nini kitabaki. Nilitaka kukasirika tena, nikawa nimechoka.

Kisarawe mama mkwe alikuwa barazani. Watoto wakaturukia. Akasubiri tuoge, tule, kisha akauliza:

"Haya. Mlilala wapi?"

"Matopeni, mama," Baba Zai akasema, na palepale, kabla sijamtazama, akamweleza mama yake habari ya kazi. Mama mkwe akatikisa kichwa, akaendelea na kisamvu chake.

"Na banda la kuku lile la Kibaha," akasema baadaye, "mbona liko tupu?"

Sasa lina vifaranga 300. Harufu yake inafika mpaka chumbani, nalalamika kila siku. Kazi ya ajira bado anatafuta, na jioni mimi namuuliza siku ilikuwaje kabla sijavua viatu. Siku nyingine anajibu neno moja tu, siku nyingine tunachelewa kulala.

Novemba hii tunarudi Mafia, siku tatu tu, kwa nahodha yule yule. Tarehe amechagua Baba Zai, kwa kutumia jedwali la maji alilobandika mlangoni mwa jiko. Mwezi nusu.