Gita la Umeme kwa Masikio Yaliyolelewa na Litungu

Kijana wa Nyangoto, mkoani Mara, Tanzania, anayetaka kununua gita la umeme, awe ni wa kwaya ya kanisani au wa bendi ipigayo usiku kwa wachimbaji wa Nyamongo, aghalabu huonyeshwa maumbo mawili matatu ambayo yamenakiliwa duniani kote kwa zaidi ya miaka 70, naye huchagua kwa rangi au kwa jina lililoandikwa kichwani, ilhali tafauti zinazostahili kumshughulisha zimo katika sumaku, katika urefu wa nyuzi, na katika namna shingo ilivyoungwa na kiwiliwili. Nami naona kwamba masikio yaliyozoea litungu la Wakurya, au nyatiti ya jirani zao Wajaluo, ambamo kila uzi katika nyuzi nane una kauli yake, yana mizani ya haki ya kupimia ala hizi, tena mizani inayotufaa kuliko sifa walizozieneza wapigaji wa roki wa Marekani na Uingereza.

Ushahidi tunao karibu. D. O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, katika mkoa huu huu wa Mara, akaenda kuwa mashuhuri nchini Kenya kwa muziki wa benga hata alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2006, aliongoza bendi ambayo magita yake yalijibizana kwa kasi, moja likipanda huku jingine likishuka, na lau nyuzi zingalifunikana sauti, ustadi wote ule ungaligeuka kelele. Basi swali la kwanza la kuliuliza gita lolote ni hili: magita mawili yakipigwa kwa pamoja na besi ikiwa chini yao, je, kila uzi waweza kusikika?

Katika hilo, Telecaster ina fadhila kubwa. Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gita, aliitoa kazi hii mwaka 1950, na jina lake la sasa likathibiti mwaka 1951: kiwiliwili cha ubao mtupu kisicho na uwazi, shingo iliyokazwa kwa skurubu nne, na pikapu mbili. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huusumbua uga wa sumaku, na katika waya huzaliwa umeme mdogo unaokwenda kukuzwa na amplifaya. Pikapu iliyo karibu na daraja, ambako uzi umebanwa na mtikisiko wake ni mfupi, hutoa sauti kali na kavu inayopenya katikati ya ngoma. Kwa solo ya benga sijasikia iliyo bora.

Stratocaster ya Fender huyo huyo, iliyofuata mwaka 1954, ina pikapu tatu na kingo zilizochongwa ili zisimuumize mpigaji mbavu. Swichi yake ya asili ya kuchagulia pikapu ilikuwa na vituo vitatu tu, lakini wapigaji waligundua kwamba ikisimamishwa kati ya vituo viwili hutoa sauti laini yenye uwazi ndani yake, wakawa wanaitegesha hapo, hata kiwanda chenyewe kikatia vituo vitano mwaka 1977. Sauti hiyo ya katikati naipendekeza kwa mpiga rizimu, kwa maana katika muziki wetu rizimu si mtumishi wa solo: msikilize Omari Shabani alivyoshika gita la rizimu katika bendi ya Les Wanyika, utatambua kwamba wimbo mzima umejengwa juu ya mkono wake. Ila daraja la springi la Stratocaster lina taabu yake, kwani uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zote hupotoka, na katika dansi la usiku kucha hiyo ni fedheha. Fundi aongeze springi na kulikaza daraja lisicheze.

Gibson nao walitoa Les Paul mwaka 1952, na tangu 1957 wakaitia pikapu iliyobuniwa na Seth Lover, yenye mizinga miwili ya waya iliyopangwa kinyume, hata mvumo unaotoka katika nyaya za umeme ukajifuta wenyewe. Maadamu pikapu hiyo huuchota uzi mahali papana zaidi, wembamba wa sauti hupungua, na sauti huwa nene na ya kukaa. Karibu na jenereta, au jirani na mafundi wa kuchomelea vyuma, utulivu huo ni neema ambayo mwenye Telecaster huitamani. Nyuzi za Les Paul kadhalika ni nyepesi kukandamizwa: toka kichwani hadi darajani urefu ni takriban milimita 628, na kwa Fender ni 648, hivyo kwa uzi ule ule na kwa sauti ile ile mkazo hupungua kwa asilimia 6 hivi, na vidole hupata afueni. Lakini uzito wa gita hilo aghalabu hufika kilo nne na kuzidi, na ukipiga nyuzi tatu kwa pamoja kwa nguvu, huchanganyika. Mpe mwenye kupiga solo za rumba, za sauti ndefu zisizo na haraka.

Kwa safari za barabara yetu, liko jambo moja ambalo kwangu latangulia sauti. Kichwa cha Les Paul kimeinama kwenda nyuma, na hapo kinapoinama mbao ni nyembamba, kwa hiyo gita likianguka chali kutoka juu ya gari hupasuka papo hapo, na kwa kuwa shingo imegundishwa, fundi hana budi kuliunga palepale lilipovunjika. Shingo ya Fender ikiharibika hufunguliwa kwa bisibisi na kutiwa nyingine. Anayenunua gita lililotumika, hata likiwa la chapa nafuu, kama Squier ya Indonesia au Epiphone ya China, na alipeleke penye mwanga, apitishe kidole nyuma ya shingo, chini kidogo ya kichwa, na akigusa ufa uliofunikwa kwa rangi, ateremshe bei au amrudishie mwenyewe.