Ukiwa Ozi, Usikimbie kwa Saa ya Iten

Mkimbiaji anayejiandaa kwa kilomita 21 akiwa Ozi, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini pale Kipini, mara nyingi hufuata programu ya mazoezi iliyoandikwa na mtu wa milimani, kama kule Iten, au wa nchi ya baridi. Programu inamwambia Jumapili akimbie kilomita 18 kwa kasi fulani. Anatoka, na akifika kilomita ya 11 miguu imekuwa mizito, moyo unamwenda mbio, na saa ya mkononi inamwambia amechelewa. Anajilaumu kuwa ni mvivu, kisha anajikaza kisabuni ili arudie kasi ile. Hapo ndipo mambo huharibika.

Unapokimbia, misuli hutumia takriban robo tu ya nishati yake kukusogeza mbele. Sehemu kubwa iliyobaki hugeuka joto. Damu hulibeba joto hilo hadi kwenye ngozi, na jasho huliondoa pale linapokauka. Likichuruzika tu bila kukauka, halikupozi. Waliokulia kwenye nyumba zenye mtungi wanalijua jambo hili: siku za hewa kavu maji ya mtungini huwa baridi, na siku za unyevunyevu mtungi hulowa nje huku maji ndani yamebaki vuguvugu. Katika delta ya Tana, penye mto, mikoko na mashamba ya mpunga, unyevu haupungui sana, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto kali huja juu yake. Damu inagombaniwa na misuli na ngozi, na kila jasho linavyotoka ndivyo inavyozidi kupungua maji. Moyo hauna budi kupiga haraka zaidi kwa kasi ileile uliyoanza nayo.

Mabingwa hawakusalimika na hesabu hiyo. Machi 24, 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu, alasiri ya joto na unyevu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji hilo miaka 5 mfululizo, alijitoa zikiwa zimekaribia kwisha, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Miaka 12 baadaye, Septemba 27, 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza Doha karibu saa sita usiku ili kulikwepa jua. Hata hivyo joto lilikuwa kama nyuzi 32. Walioanza walikuwa 68, na 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, ilhali Januari ya mwaka huohuo, Dubai, alikuwa amekimbia 2:17:08. Mshindi wa dunia alichelewa kwa zaidi ya dakika 15, na hakuna aliyemwita mvivu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuiacha saa nyumbani siku ya mbio ndefu, au angalau kuigeuza ndani ya mkono. Tumia pumzi. Kama unaweza kumjibu mwenzako sentensi nzima bila kuikata, uko kwenye kasi inayofaa, hata ikiwa ni dakika nzima zaidi kwa kila kilomita kuliko ile ya programu.

Sasa, ugumu wa kujikazia upo, na ndio unaokujenga. Saa ya kwanza imepita, mapaja yamechoka, akili inatafuta visingizio: kiatu kinabana, kuna shughuli nyumbani, kesho itakuwa afadhali. Huo uvumilie. Fupisha hatua, legeza mabega, jipe shabaha ndogo ya kuufikia mwembe ulio mbele, kisha mwingine. Ukitembea dakika moja halafu ukaendelea, hujaharibu chochote. Wakimbiaji wengi wanaona aibu kutembea mbele ya watu, na aibu hiyo imewaumiza zaidi ya umbali wenyewe.

Ugumu wa kuachana nao una alama zake. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, au yanayokufanya uchechemee, si ya kuvumiliwa. Kuhisi baridi au kusisimka nywele juani, kizunguzungu, kuyumba, kujibu maneno yasiyoeleweka: simama papo hapo. Mwenzako akifikia kuchanganyikiwa, mpoze kwanza pale kivulini, na usafiri utafutwe wakati huohuo. Mmwagie maji mwili mzima, mfunike leso zilizoloweshwa, mpepee bila kukoma. Msimtumbukize mtoni, kwa sababu mamba wamo. Na kama uliamka na homa, usitoke kabisa. Delta ni nchi ya malaria, na kipimo cha zahanati kina manufaa kuliko kilomita 18.

Maji ni habari nyingine. Bahari hupanda mtoni wakati wa maji kujaa, hasa mto ukipungua, na chumvi imewaharibia watu wa Ozi mashamba ya mpunga. Beba maji yako salama. Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinatosha kabisa. Madafu ni mazuri, ila chumvi anayoipoteza mtu kwa jasho ni kidogo ndani yake. Kunywa kwa kiu. Kujijaza maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari.

Wataalamu husema tukimbie alfajiri. Ni kweli, lakini wengi wao hawaishi kando ya Tana. Viboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini kabla ya mapambazuko, na ole wako ukisimama kati yao na mto. Ngoja kupambazuke vizuri, nenda na mwenzako, kaa mbali na ukingo. Mwezi wa Ramadhani, mbio nyepesi fupi ziwe karibu na futari, zile ndefu ziahirishwe.

Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto, kwa hiyo anayetoka bara kuja kushindana Pwani afike mapema. Mbio zako ndefu kabisa ziishe wiki 3 kabla ya mashindano, kisha punguza umbali hadi karibu nusu, ukibakiza vipande vichache vya kasi. Na kama mashindano ni Jumapili ijayo na mazoezi ya leo yamekushinda, rudi nyumbani ule, ulale. Faida ya mazoezi magumu huchukua takriban siku 10 kujitokeza mwilini. Ya leo itafika mashindano yakiwa yamekwisha.