Ukiambiwa ini lina mafuta, uliza ni kiasi gani

Mwaka jana shangazi yangu alipimwa tumbo kwa ultrasaundi, akarudi nyumbani na karatasi yenye maneno machache: ini lina mafuta. Hajamaliza hata chai, baba akamuuliza, “Mdogo wangu, kwani siku hizi unakunywa?” Shangazi, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani, alinyanyuka akaenda kulia chumbani.

Swali la baba ni la wengi. Kweli pombe huharibu ini, lakini kitambi, kisukari na sukari inayozidi mahitaji ya mwili navyo hulijaza mafuta. Mwaka 2023 wataalamu wa ini kutoka nchi mbalimbali waliubadilisha jina ugonjwa huu. Jina la zamani lilitaja pombe, hata kama ni kwa kuikanusha, na liliwaletea wagonjwa fedheha ya bure.

Ambacho hakuna aliyeuliza pale sebuleni ni kimoja: mafuta kiasi gani?

Ultrasaundi hailijibu vizuri. Huonyesha ini linang’aa kuliko kawaida, na mafuta yakiwa machache mara nyingi huyapita bila kuyaona. Kwa miaka mingi jibu la uhakika lilipatikana kwa sindano, daktari akichomoa kinyama ambacho ni kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini lote. Kinauma, kinaweza kusababisha damu kuvuja, na kinasimulia habari za pale kilipotoka tu.

Siku hizi kuna njia ya sumaku, yaani MRI. Mwili wetu umejaa haidrojeni, iliyomo kwenye maji na kwenye mafuta pia. Ndani ya sumaku kubwa, haidrojeni ya maji na ya mafuta hutoa mawimbi yenye mwendo unaopishana kidogo sana. Fikiria wapiga ngoma wawili, mmoja akiwa mzito kidogo wa mkono. Kuna wakati midundo yao hugongana pamoja na sauti ikawa kubwa, na kuna wakati hupishana, mmoja akimfuta mwenzake. Mashine hupiga picha katika nyakati zote mbili, kisha kompyuta hutenganisha maji na mafuta. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1984 na mwanasayansi Thomas Dixon, na hadi leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake.

Mgonjwa analala, anazuia pumzi kwa sekunde kama 20, basi. Hakuna mionzi wala sindano, ingawa mwenye chuma au kifaa cha moyo mwilini lazima aseme kabla. Majibu huja kwa asilimia. Watafiti waliopima wakazi zaidi ya 2,000 wa Dallas, Marekani, kwa njia ya sumaku inayokaribiana na hii, walikuta karibu mmoja kati ya watatu amevuka kiwango cha kawaida, ambacho ni kama asilimia 5.5.

Namba hiyo ina faida zaidi unapopima mara ya pili. Mtu akishuka kutoka asilimia 18 hadi 12, daktari anajua dawa au mlo umefanya kazi, jambo ambalo jicho kwenye ultrasaundi huenda lisiligundue.

Lakini tusiishangilie sana. Kinachoua hasa ni makovu kwenye ini, na asilimia ya mafuta haiyapimi. Tena ini lililochakaa kwa makovu linaweza kupoteza mafuta yake, namba ikaonekana nzuri huku mgonjwa akizidi kuumwa. Ndiyo maana daktari kwanza hutazama umri wako, vimeng’enya vya ini na chembe sahani za damu, hesabu ya gharama ndogo inayokisia makovu. MRI ni ghali, na wengi wetu hatuihitaji.

Shangazi naye hakuihitaji. Vipimo vya damu havikuonyesha dalili ya makovu, ila sukari ilikuwa juu. Aliambiwa apunguze uzito, kwa sababu kupoteza hata asilimia 5 hupunguza mafuta ya ini. Alikuwa na kilo 80, kwa hiyo kilo 4 tu. Ameacha soda, na kila jioni anatembea hadi sokoni na kurudi. Baba humsindikiza mpaka kona ya kwanza. Radhi bado hajaomba.