Sato si Ngege: Tazama Mkia

Katika masoko mengi ya Uganda, mama wa nyumbani akiomba ngege hupewa sato. Jina limehama kutoka kwa mwenyeji na kumwangukia mgeni. Ngege wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, ndiye aliyekuwa kitoweo mashuhuri cha Ziwa Viktoria kabla ya sato kupandwa humo katika miaka ya 1950. Kwa hiyo kauli ya muuzaji haitoshi. Ushahidi umo mwilini mwa samaki mwenyewe.

Kwanza na ufunuliwe mkia. Sato ana mistari myembamba ya wima, iliyopangika sawasawa toka shina la pezi hadi ukingoni. Hakuna alama iliyo bora kuliko hiyo. Ngege hana mistari hiyo, na kichwa chake ni kidogo. Mbiru, mwenyeji mwingine wa ziwa hilo, hutambulikana kwa ukingo wa rangi ya machungwa juu ya pezi la mgongo.

Yuko pia perege mwenye kifua chekundu, zillii, ambaye naye aliletwa. Huyu ana doa jeusi lenye ukingo wa manjano, kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo. Hapo ndipo wanunuzi wa vifaranga hukosea, kwani jamii yote ya perege huwa na doa jeusi udogoni. Kwa sato hutoweka akikua. Kwa zillii hubaki. Basi familia yenye bwawa, ikiletewa ndoo ya vifaranga vidogo, isihukumu kwa doa. Ni haki yake kudai kuonyeshwa wazazi wao.

Jambo hili si la mapishi tu. Sato na ngege huzaana, na watoto wao huweza kuchanganya alama za pande zote mbili. Mwaka 2006 ngege aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka; kimbilio lake limekuwa maziwa madogo, kama Kanyaboli nchini Kenya. Bwawa la sato likifurika karibu na maji kama hayo, hasara haiishii kwa mwenye bwawa.

Wekundu hufifia samaki akifa, lakini mistari ya mkia hubaki. Pezi likiwa limekauka na kukunjamana, lichovywe majini, kisha lifunuliwe kwa vidole viwili juu ya sahani nyeupe.